Kifuniko kilichosema hamna njugu

Mwishoni mwa Januari 2014, mwanamume mmoja wa miaka 38, mkazi wa kijiji kimoja cha jimbo la North Yorkshire kaskazini mwa Uingereza, aliagiza kuku wa tikka masala, yaani kuku katika rojo zito la viungo, wa kwenda kula nyumbani. Mgahawa uliitwa Indian Garden, uko mji mdogo wa Easingwold. Mwenyewe alikuwa mtu wa kazi hizohizo za kuhudumia wateja, alisimamia baa. Karanga zilikuwa zinamdhuru tangu utotoni na alilijua hilo vizuri, hivyo akasema anachosema kila anapoagiza chakula cha nje: kisiwe na njugu. Oda ikaandikwa hivyo. Chakula kikatoka jikoni, na juu ya kifuniko cha kopo lake pakaandikwa hivyohivyo, kwamba hamna njugu. Akala akiwa kwake. Walipomkuta alikuwa ameshafariki. Kwenye lile rojo karanga zilikuwemo.

Nimefanya kazi ya jiko miaka kadhaa, kazi ambayo haiishi ubishi kama mgahawa unawajibika kumpikia mtu mwenye masharti ya chakula, na nimeandika juu ya vifuniko vingi kwa ile kalamu ya wino mzito: bila pilipili, chumvi kidogo, mfupa usiwepo. Kwa hiyo kisa hiki nilipokisoma, kilichonikaa kichwani ni kile kifuniko. Maneno yale hayakutokana na mtu aliyechungulia sufuria. Ni ombi la mteja mwenyewe, limeingia jikoni, limezunguka, likamrudia limevaa nguo za jibu. Yeye akilisoma anaona kuna mtu amehakikisha. Mwandishi wa kifuniko naye, huenda kwa nia njema kabisa, alikuwa ananakili oda tu.

Kilichokuwa kimebadilika kilibadilika miezi mingi kabla. Rojo la tikka masala la migahawa ya Uingereza huongezewa uzito kwa unga wa lozi, na lozi ni ghali. Mwenye Indian Garden alikuwa na migahawa sita katika jiji la York na maeneo ya jirani, na madeni ya karibu pauni 300,000. Katikati ya mwaka 2013 akaacha kununua unga wa lozi, akahamia unga wa mchanganyiko wa bei nafuu wenye karanga ndani yake. Ukishachemka na nyanya, krimu na bizari, jicho halitofautishi, na ulimi wa mteja wa kawaida hautofautishi. Ndiyo maana mwenye duka hubadilisha: kwa sababu hakuna atakayejua. Menyu haikubadilika. Wahudumu walioulizwa waliendelea kujibu kama walivyojibu mwaka uliotangulia.

Hapo kisa kingekuwa cha tamaa na bahati mbaya. Lakini wiki tatu kabla ya kifo hicho, msichana wa miaka 17 alikula kwenye mgahawa mwingine wa mtu huyohuyo. Naye aliuliza, naye aliambiwa chakula hakina njugu, naye alipata shambulio la mzio (aleji) akapelekwa hospitali. Alipona. Maofisa wa serikali ya mtaa wanaosimamia haki za walaji wakaanza kufuatilia, na wiki moja kabla ya kifo wakakuta karanga kwenye chakula ambacho wao wenyewe walikuwa wamehakikishiwa kuwa hakina. Kwa maneno mengine, kengele ililia mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na unga ukaendelea kuchotwa.

Mei 2016 mahakama ya Teesside ilimtia mwenye mgahawa hatiani kwa kuua bila kukusudia kwa uzembe uliokithiri, pamoja na makosa kadhaa ya usalama wa chakula. Akafungwa miaka sita. Ilikuwa mara ya kwanza Uingereza kumtia mtu hatiani kwa kosa la namna hiyo kwa sababu ya mzio wa karanga wa mteja. Utetezi wake nilishausikia mara nyingi, bila jeneza, kwenye vikao vya jikoni: usiku ule hakuwepo, mambo ya kila siku aliwaachia mameneja. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2017.

Jambo moja la sheria inafaa kulisema hapa, maana watu hudhani alifungwa kwa kukosa orodha kwenye menyu. Kanuni ya Ulaya inayoitaka migahawa itoe taarifa za viambato 14 vinavyoleta mzio (karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta, soya, ngano na nafaka nyingine zenye gluteni, na kadhalika) ilianza kufanya kazi Desemba 2014, miezi kumi na kitu baada ya kifo chenyewe. Mtu yule hakuhitaji kanuni hiyo ili afungwe. Ilitosha kwamba alijua ndani mna nini, alijua kinaweza kuua, na akaacha watu waendelee kuambiwa hamna.

Sasa nirudi kwenye ubishi wenyewe, kama mgahawa unawajibika kumpikia mtu mwenye masharti ya chakula. Kila nikiuanzisha, wenzangu wa kazi hugawanyika haraka. Wako wanaosema mteja ni mfalme, apikiwe anavyotaka. Wengi zaidi, na huwa ndio wanaolipa kodi ya pango, husema mgahawa si wodi. Rafiki yangu mmoja mwenye mgahawa aliniambia, "Kaka, mimi nikianza kumuuliza kila mtu anaumwa nini, saa ngapi nitauza?" Sikumcheka. Jiko lake lina mafiga matatu ya gesi na watu wanne, na saa saba mchana foleni inafika barabarani.

Kisa cha Easingwold kinampa haki upande mmoja na kumbana upande mwingine. Yule mteja hakudai apikiwe chakula cha peke yake. Angeambiwa "ndugu, leo hatuna uhakika, tafuta pengine," angevaa koti lake akaondoka, angekula mkate na jibini nyumbani, na leo tusingekuwa na la kuzungumza. Kwa maoni yangu mgahawa una haki kamili ya kusema hapana. Hauna wajibu wa kununua maziwa ya lozi kwa ajili ya mtu mmoja, wala kuweka jiko la pili, wala kubuni sahani isiyokuwepo. Wajibu wake ni mdogo kuliko huo na mgumu kuliko huo: ujue kilichomo kwenye sufuria yako, na ukiulizwa useme hichohicho. Anayesema hapana amepoteza mauzo ya sahani moja. Mteja wa Indian Garden alipewa "ndiyo" ambayo hakuna aliyeifanyia kazi.

Na hapa kwetu "ndiyo" ya namna hiyo ni nyingi mno, ingawa mizizi yake ni tofauti. Kule ilitoka kwenye madeni. Kwetu mara nyingi inatoka kwenye adabu. Mhudumu aliyelelewa vizuri hapendi kumwambia mgeni hapana, tena mgeni aliyekaa na familia yake. Mgonjwa wa kisukari anauliza kama chai ya maziwa imeshatiwa sukari. Chai hiyo imepikwa alfajiri, sukari imo birikani, kila mtu jikoni anajua. Jibu linalokuja: "Haina sana, mzee." Haina sana! Hiyo si ndiyo wala si hapana, ni heshima tu. Mzee anakunywa.

Mpwa wangu ana mzio wa karanga, na ndiyo sababu nimekuwa na macho ya namna hii. Siku moja Dar es Salaam tuliingia mgahawa mmoja wa wastani, jina lake halina haja. Nikamuuliza mhudumu, kijana mpole, kama mchicha wao umeungwa kwa karanga au kwa nazi. Akasema nazi. Nikamwomba akaulize. Akaenda hadi mlangoni mwa jiko, akasimama sekunde mbili hivi, sikuona mdomo wake ukisogea, akarudi: "Nazi, mjomba, kula bila wasiwasi." Mchicha ulipofika nikaupindua kwa uma. Kwenye ukingo wa bakuli kulikuwa na chembechembe za kahawia, kubwa kidogo kuliko punje za mchanga, na mafuta yamejitenga pembeni kwa ile rangi ya dhahabu iliyoiva ambayo nazi haitoi. Nikanusa. Karanga. Mpwa wangu alikuwa ameshashika kijiko. Nilipomwita yule kijana na kumwonyesha, hakubisha wala hakujitetea, alisema jambo ambalo sijalisahau: "Kwani kidogo hivyo nacho kina shida?"

Swali lake halikuwa la kijinga. Kwa watu wengi wa kwetu karanga ni chakula cha kumpa nguvu mtoto, ni uji wa lishe, ni kisamvu cha Ijumaa. Kwamba chembe zake zinaweza kumziba mtu koo linasikika kama hadithi. Mwili wa mwenye mzio huichukulia protini ya karanga kama adui aliyevamia. Humwaga kemikali za kujihami kupita kiasi, mishipa ya damu hulegea, shinikizo la damu huporomoka, njia ya hewa huvimba, na yote hayo yanaweza kutimia ndani ya dakika chache. Kuchemsha hakuivunji protini hiyo kiasi cha kuiondolea hatari, na karanga iliyokaangwa bila mafuta inaweza kuwa kali zaidi kuliko mbichi. Tiba ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, mapema, halafu hospitali. Nyumba ngapi mtaani kwako zina sindano hiyo? Kwa hiyo kwetu lile jibu la mhudumu ndilo lililobeba karibu kinga yote.

Tatizo lingine ni la lugha, na sijaona watu wakilizungumza. Waingereza wana neno moja, nut (ndilo nililoliita njugu hapo juu), linalokusanya lozi, korosho, jozi (walnut) na hata karanga, ingawa karanga kwa asili yake ni jamii ya maharage na huzaa chini ya ardhi. Sisi neno hilo hatuna. Njugu kwa mtu wa Mombasa ni karanga, kwa mwingine ni njugu mawe. Ukimwambia mpishi wa hapa "sili karanga", hawezi kuwaza korosho zilizosagwa kwenye rojo la kuku, na hana kosa, maana hukumtajia. Unayeagiza taja kimojakimoja, kama unavyohesabu watoto wako. Neno mzio lenyewe bado halijashuka vizuri hadi jikoni. Wanajua aleji, na aleji kwa wengi ni mafua ya vumbi au vipele vya dagaa. Mimi siku hizi nasema hivi: "Akila karanga anaweza kufa." Panakuwa kimya kidogo, halafu mtu anaenda kuuliza kweli.

Si kwamba majiko yetu hayajui kutenganisha. Tena yanajua sana. Harusini hata kwa familia ya Kikristo, sehemu nyingi mchinjaji hutafutwa Mwislamu ili wageni wote wale bila wasiwasi. Migahawa ya Wahindi wasiokula nyama ipo Mombasa, Nairobi na Dar, na hakuna anayethubutu kuingiza kisu cha nyama mle. Mpishi Mwislamu ukimwambia kijiko hiki kimegusa nguruwe, hatakuuliza kama ni kidogo au ni kingi. Anaelewa papo hapo kwamba kugusa ni kugusa. Ufahamu huo tunao tayari, tena tumeupata bila semina. Kinachokosekana ni kuuhamisha kutoka kwenye imani kwenda kwenye ugonjwa. Nilipowahi kuwafundisha vijana wa jikoni niliacha maneno ya protini, nikawaambia karanga kwa huyu mtu ni kama nguruwe kwenye sufuria ya futari. Walinielewa kabla sijamaliza sentensi.

Lugha yetu nayo ina utani wake: mwiko ni kile kisichoruhusiwa, na mwiko ni kile cha kukorogea. Kwenye jiko la kawaida mwiko wa pili ndio unaovunja ule wa kwanza. Umekoroga kisamvu cha karanga, ukapigwa ukingoni mwa sufuria, ukazamishwa kwenye maharage. Mafuta yaliyokaangia samaki asubuhi ndiyo yanayokaangia chipsi za mtu asiyekula samaki mchana. Sosi nyingi za soya zina ngano, na sijui wapishi wangapi niliokutana nao waliwahi kusoma chupa yake. Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo, EAS 38, kinahusu vyakula vilivyofungashwa. Ukishamwaga chupa kwenye sufuria, lebo imebaki kwenye ndoo ya taka.

Nikirudi Easingwold, nikajaribu kutafuta mahali pa kukata mnyororo, sioni kwamba mhudumu ndiye. Mhudumu alipokea ombi, akaliandika, hata likafika kwenye kifuniko. Njia ya kutoka mezani kwenda jikoni ilikuwa wazi. Iliyoziba ni ile ya kutoka stoo kwenda mezani. Unga mpya uliingia na hakuna neno lililotoka nao. Ndiyo maana mafunzo ya huduma kwa wateja, yale ya tabasamu na kuinamisha kichwa, hapa hayasaidii chochote. Mhudumu mwenye tabasamu zuri na taarifa ya mwaka jana ni hatari kuliko mwenye kununa.

Tulipobadilisha mambo kwenye jiko nililosimamia, tulianza stoo. Kitu kilichohamishwa kutoka kwenye mfuko wake kwenda kwenye ndoo au kopo kilibandikwa karatasi ya gundi yenye jina kamili na tarehe. Ukiandika "unga" tu, unarudishiwa uandike upya. Aliyenunua kitu tofauti na kile cha siku zote, hata kama ni chapa nyingine ya mafuta, alipaswa kukitaja kwa sauti asubuhi kabla moto haujawashwa, na kikaandikwa kwenye daftari la kaunta. Kisha kila sufuria ya siku ikawa na mstari wake kwenye daftari hilo: nini kimeungia, nani amepika. Gharama yake yote ilikuwa daftari, kalamu na gundi. Ubishi mkubwa ulikuja kwenye jibu la tatu. Wahudumu walikuwa na ndiyo na hapana, na mimi niliwataka wawe na "sijui". Waliona aibu. Mmoja, dada mwenye uzoefu kuliko sisi sote, alisema mteja akisikia sijui atatuona wababaishaji. Tulivutana naye wiki nzima. Mwishowe akaja na lake, bora kuliko langu: "Kwa hiki siwezi kukuapia, dada, lakini wali mweupe na samaki wa kuchoma nakuapia." Wateja wakaanza kumtafuta yeye kwa jina.

Kuna mtego upande wa wateja pia, niuseme ili nisionekane nimewaegemea. Wako wanaosema wana aleji ya kitunguu kwa sababu tu hawakipendi, halafu wanaonekana wakila kachumbari ya jirani. Kila mmoja wa hao anamfundisha mpishi kwamba aleji ni madeko. Yule kijana aliyeniuliza kama kidogo kina shida, pengine alishakutana nao kumi. Lakini mpishi hana kipimo cha kumtenga muongo na mkweli akiwa amesimama mbele ya karai, na mimi sitaki awe nacho. Anachoulizwa ni swali moja, mna nini humu, na jibu lake halitegemei anayeuliza ni nani.

Kuhusu mama lishe, watu wengi hudhani hao ndio hatari zaidi kwa kuwa hawana menyu wala cheti ukutani. Uzoefu wangu ni kinyume. Hoteli kubwa ina mnunuzi, mtunza stoo, mpishi mkuu, mpishi wa zamu, mhudumu, na kila mkono taarifa inapopita inapungua kidogo. Mama lishe amenunua mwenyewe sokoni, ametwanga mwenyewe, amepika mwenyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa Buguruni na mpwa wangu, tukakaa kwenye benchi la mama mmoja mwenye masufuria manne. Nikamweleza kama ninavyoeleza siku hizi, kwamba huyu kijana akila karanga anaweza kufa. Akamwangalia mtoto, akaacha kupakua, akanyooshea kidole sufuria mojamoja.

"Hiki kisamvu kina karanga, asikisogelee. Maharage nimeunga nazi, karanga sikutia. Ila mwiko mwanangu ni huu mmoja, na asubuhi ulianza huku kwenye kisamvu." Akaufikiria kidogo mwiko mkononi mwake. "Mpe yai. Lile nimelichemsha na ganda lake."

Alikula mayai mawili na ndizi. Tulipoondoka nilimwona akiusugua mwiko kwa majivu, kisha akautazama tena, akauweka kando na kuchukua mwingine.